Mrudishieni Ponsiano Gitaa Lake

Sogeeni wanangu, kaeni hapa karibu na kitanda, na wewe Sadala usisimame mlangoni kama mgambo, ingia ukae mkekani na dada zako. Mlango uacheni wazi nipate hewa. Nimewaita asubuhi kwa sababu jua likipanda kifua kinanibana na maneno yananikatikia njiani, na niliyo nayo leo sitaweza kuyasema mara mbili. Nyumba nitaisema, mashamba nitayasema, mbuzi nitawagawa, msiwe na haraka. Lakini kabla ya yote hayo, gitaa lirudi. Sadala, mwanangu wa kwanza, jana baada ya alasiri uliingia chumba cha uani ukalitoa gitaa mikononi mwa mzee Ponsiano, ukaenda kulificha. Usinitazame hivyo. Mimi nimelala, sijafa, na nyumba hii ni ya udongo, kila kinachosemwa uani nakisikia. Nilimsikia akikuuliza, "Mwanangu, nimekosa nini?" Nikakusikia na wewe, unamjibu mziwi kwa sauti ya chini kana kwamba atakuelewa, ukisema baba yako hatazikwa kwa gitaa. Basi nitakueleza kwa nini umekosea, na nikimaliza utainuka ukalilete kwa mikono yako mwenyewe, mbele ya Mashavu na Swaumu.

Ninyi mmekua mkimkuta hapa. Kwenu ni mzee wa chumba cha uani, Mnyamwezi, Mkristo, mtoto wa manamba walioletwa kutoka Tabora kuja kukata mkonge Korogwe, mtani wa baba. Wageni wakija, Sadala, tangu uliposhika madrasa kule Chanika, nimekuona unavyowapitisha upande wa pili wasimkute ameketi kwenye gogo lake. Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi Wazigua, wana wa Seuta, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya mababu, na hakuna anayejua sawasawa utani ule ulianzaje; wengine husema tulipigana mpaka tukachoka, tukaona heri tutaniane. Mtani akikutukana, akikuita mtumwa wake, hukasiriki, akichukua kuku wako humdai, na ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika, achote maji, achimbe kaburi, alale njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, na amwige maiti vile alivyokuwa, mbele ya wanaolia, ili wacheke kidogo wapate pumzi ya kulia tena. Siku hizi mnasema ni ushenzi. Mwacha asili ni mtumwa, wanangu.

Mimi nilikuwa kijana, karani wa ofisi katika shamba moja la mkonge ng'ambo ya mto pale Korogwe, nina kaptula nyeupe na kiburi cha kujua kuandika, wakati babu yenu Mbwana alipofariki hapa Misima. Vita ya Hitla ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Wanyamwezi wa kambini walinisindikiza kwa miguu kuja msibani, maana babu yenu alikuwa akiwapelekea tumbaku, na akifika kambini hulala kwa wazazi wa Ponsiano. Tulipokwisha kuzika na kurudi uwanjani, akainuka kijana mmoja mwembamba mwenye gitaa la kuchongesha kwa fundi wa masanduku, akasema, "Sasa mtumwa wangu Mbwana anakuja kuwaaga." Akapiga. Wanangu, hakuimba neno hata moja. Kwanza alipiga mguu wa babu yenu, ule wa kushoto uliokuwa mfupi, nyuzi mbili, mmoja mrefu na mmoja wa kukatika, na uwanja mzima ukajua ni nani anayetembea. Kisha akabisha ubao wa gitaa kwa kifundo cha kidole, kile kikohozi cha mzee kabla hajakataa jambo. Kisha akampiga akibishana bei ya tumbaku, akimnyima mtu ugoro na huku kopo la ugoro limejaa. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitaka kumpiga ngumi. Nilikwisha kusimama. Hapo ndipo alipozipunguza nyuzi, akapiga kitu kingine, polepole, wimbo wa mtu anayejiimbia chinichini akidhani wenzake wamelala. Nikamuuliza, huyo tena nani? Akaniambia, ni baba yako, ndivyo anavyoimba alfajiri akiwa kwetu kambini. Miaka yote niliyoishi na baba yangu sikujua kwamba aliimba. Nikakaa chini nikalia, na ndiyo mara ya kwanza kulia tangu niletewe habari.

Tangu siku ile sikumwacha tena. Wenzangu makarani Jumapili walivaa suti wakaenda kucheza dansi Korogwe mjini, mimi nikashuka kambini kwa manamba kukaa miguuni pa mtu asiyejua kusoma. Wakanicheka, ati karani amerogwa. Sikujifunza gitaa, vidole vyangu ni vigumu, mwenyewe alijaribu kunifundisha akaniambia mikono yangu inafaa kung'oa muhogo. Nilichojifunza ni kutazama. Ponsiano akitaka kumpiga mtu, kwa siku kadhaa gitaa halishiki. Anakaa tu anamwangalia mtu huyo akichota maji, akimwita mtoto, akikasirika. Alikuwa akiniambia, kila mtu ana kosa lake la kutembea, ukilipata hilo mengine yatakuja yenyewe. Na kingine, akifika mahali ambapo kila mtu anangoja uzi ulie, yeye husimama, anakutazama, anakuacha ungoje mpaka uone aibu kwa kungoja kwako, ndipo anaugusa. Mnaponiuliza vitabu vyangu nilivitoa wapi, nilivitoa pale, kwenye vumbi la kambi ya mkonge, nikiwa nimekalia debe lililopinduliwa.

Nilipoanza kuandika hadithi niliandika kama karani. Watu wote wazuri walikuwa wazuri. Niliwahi kumsomea moja, ya jumbe mwema aliyependwa na raia zake, nikainua macho kumwona anasemaje, nikamkuta amelala. Nikamwamsha kwa hasira. Akasema, "Mtumwa wangu, jumbe wako hana hata kikohozi, nimkatizie nini usingizi wangu?" Niliichana ile hadithi. Nikaanza upya kwa jumbe mwenye tabia ya kuficha mkono wake mmoja ndani ya kanzu kwa sababu kidole kilikatwa na mtego wa panya, naye anawaambia watu alikatwa na simba. Hiyo ndiyo iliyosomwa redioni mwaka uliofuata Uhuru, watu wakajazana dukani kusikiliza, mama yenu akaniletea chai kwa mara ya kwanza bila kuitiwa. Mama yenu Mwanaidi, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza nimemwoa yeye au nimemwoa Ponsiano. Alikuwa na haki yake. Kila kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kwa jina langu, Mhina bin Mbwana, kila mtu aliyemo humo, nilimtafuta kwanza kwa gitaa lile. Sentensi nikiiandika ndefu, nilikuwa naisema kwa sauti huku Ponsiano akikaza nyuzi, na kama haikuweza kusimama na kukaza kule, niliikata.

Halafu wakaja wakubwa. Lilipotangazwa Azimio, bwana mmoja wa utamaduni alitoka mkoani kwa gari mpaka mlangoni pangu, akataka ngonjera za shule na kitabu cha kijiji cha Ujamaa, na akaniambia kwa upole kabisa kwamba watu wa kitabu hicho wawe wema, mwenyekiti wake awe mfano. Sikuuchukia Ujamaa, msije mkasema hivyo nikiwa sina ulimi wa kujibu. Nililima shamba la pamoja na mikono ilitoka malengelenge. Nikaandika. Ngonjera zikapigiwa makofi kwenye Saba Saba, na kabla watoto hawajashuka jukwaani watu walikwisha zisahau. Kile kitabu mlikiona wenyewe kikiuziwa karanga sokoni, ukurasa kwa kikombe. Ponsiano alininunulia karanga hizo akaniletea. Akasema angalau sasa kina chumvi. Nilicheka, lakini iliniuma, iliniuma sana.

Sasa nakuja kwenye jambo zito, na Swaumu ulikuwa mdogo, huenda hulikumbuki. Mkonge ulikwisha shuka bei, kambi zikawa tupu, nikamwita mtani wangu aje kuishi hapa na mkewe Yuditha, tukawapa kile chumba cha uani. Ikaja Operesheni, watu wakahamishwa kutoka kwenye viambo vyao wakapangwa hapa barabarani, na mwenyekiti wetu akawa Mbaruku, ambaye ndiye mpaka leo. Siku moja walikuja wageni kutoka wilayani, ukafanyika mkutano wa hadhara, Mbaruku akamwamuru Ponsiano apige wimbo wa kuwakaribisha. Naye Ponsiano akampiga Mbaruku. Akapiga vile viatu vyake vipya vinavyolia, kijiji kizima tukiwa pekupeku. Akapiga anavyosema "ndugu wananchi" kisha anafyonza jino. Akapiga anavyokimbia akisikia Landrova inakuja, kofia imeshikwa kwa mkono. Watu walicheka, wageni nao wakacheka, na Mbaruku akacheka kuliko wote, kwa sababu ni Mzigua, na Mzigua hawezi kumkasirikia mtani wake hadharani. Ponsiano alirudi nyumbani anafurahi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mwenyekiti angali Mzigua. Muhuri hauna mtani, wanangu, na sisi sote hatukulijua hilo mpaka lilipotufika.

Maana mvua haikunyesha mwaka ule, ukaletwa na serikali unga wa njano wa kugawiwa watu. Siku ya mgao Ponsiano alisimama kwenye foleni na debe lake, Mbaruku akamwambia kwa sauti ya upole tu, wewe si mwanakijiji, wewe ni mtu wa mkonge, nenda Korogwe ukalishwe na waliokuleta. Nilibishana, wazee wakabisha, haikusaidia. Mama yenu akagawa chungu chetu nusu kwa nusu, kila jioni, na ninyi mkalala hamjashiba, mkamlaumu yeye. Yuditha alikuwa amekwisha dhoofu. Homa ilipokuja iliwalaza wote wawili kitanda kimoja. Yeye ikamchukua, na Ponsiano alipopata nafuu tukamkuta tunamwita haitiki. Masikio yalikuwa yamekwisha. Yuditha tulimzika bila mtani wa kumwiga, kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa kitandani haelewi hata kama mkewe ametolewa ndani. Yule mama alikuwa na cheko lake la puani, mnalikumbuka? Hakuna aliyelipiga. Ponsiano alipoinuka alilitundika gitaa ukutani, na miaka ikapita hajaligusa.

Na mimi nikakauka. Misimu miwili nilikaa mbele ya karatasi sisikii kitu. Mlidhani ni uzee, mlidhani ni kumlilia mama yenu aliyefuata nyuma, na kweli nilimlilia, lakini kalamu ilikauka kwa sababu ile nyingine. Mpaka siku moja asubuhi, Swaumu, ulikuwa uwanjani unatwanga mahindi, una hasira zako za kuamshwa mapema, nikamwona Ponsiano kwenye gogo anakutazama, na vidole vyake vinatembea juu ya goti. Alikuwa anakupiga! Hana gitaa, hana masikio, anakupiga kwenye goti lake, na mimi nilijua kila uzi. Nikaingia ndani nikashika kalamu. Kitabu changu cha mwisho nilikiandika hivyo, nikiangalia vidole vya mziwi kupitia dirishani. Hakikuchapwa, nchi haina karatasi, wamenijibu nisubiri. Na yeye hajui. Nilifundisha kijiji hiki kizima kusoma katika kisomo cha watu wazima, nikashindwa na mtu mmoja, aliyesema haijapata kutokea Mzigua akamfundisha Mnyamwezi jambo. Nimemwonyesha jina lake lililoandikwa ukurasa wa kwanza, akacheka akaniuliza kama ni mdudu. Hasikii nikimwambia, hasomi nikimwandikia. Nitakufa sijamshukuru, na hilo linanikaba kuliko hiki kikohozi.

Nipeni maji.

Ahsante, mama. Sasa wewe Sadala. Unasema ni dini, na sibishani nawe kwa dini, umenizidi elimu. Lakini mimi ni baba yako, najua kinachokuuma ni kingine. Inakuuma siku ya sherehe ya jando lako. Ulikuwa na kigugumizi, na Ponsiano mbele ya watu wote akakipiga kigugumizi chako kwenye gitaa, ule uzi unaanza, unakwama, unaanza tena, wanawake wakacheka, nawe ukakimbilia porini ukashinda huko. Tangu siku hiyo hukumwita baba mdogo tena. Hukuniuliza, nami sikutaka kuusukuma moyo wa mtoto. Sasa nakwambia: uliondoka kabla hajafika mwisho. Ulipokwisha kukimbia aliendelea, akapiga mtoto yuleyule akiwa peke yake machungani na mbuzi, anawahutubia mbuzi, maneno yanatoka mfululizo hayakwami hata moja. Tulikuwa hatujui kama unaweza. Yeye alikuona huko bondeni, sisi wazazi wako hatukukuona. Nilisimama pale uwanjani nikamwambia mama yenu, huyu mtoto atakuja kusimama mbele za watu. Ndipo nikakupeleka Tanga kusoma. Ulipelekwa na gitaa hilo ulilolificha jana.

Kwa hiyo haya ndiyo maneno yangu, na msiyapunguze. Kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa kwangu ni kwako Sadala, fanya ulivyosoma, na wakati huo gitaa lisisikike, Ponsiano mwenyewe ana adabu hiyo. Lakini mkisharudi makaburini, na matanga yakivunjwa, mwekeeni kigoda katikati ya uwanja, mwacheni aniige nilivyokuwa. Mkimzuia, mtabaki na maneno ya wasemaji watakaosimama kusema marehemu alikuwa mpole. Mimi mpole? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maiti akisifiwa hata wanawe hawamjui. Nimeishi kwa kuwaandika watu na makosa yao ya kutembea, sitaki niondoke mimi nikiwa yule jumbe asiye na kikohozi. Na tangu aliponiona nakohoa damu, mwenyewe alilitungua gitaa bila kuambiwa, analikaza kwa kugusa. Miaka yote hii, Sadala, hakulitungua kwa ajili ya mtu yeyote. Nenda kalilete. Umwite na mwenyewe. Matanga yangu nataka kuyasikia na mimi. Nenda, baba. Nenda tu.

Amekwenda? Mashavu, amekwenda kweli au amesimama nje? Haya.

Niseme mali basi, pumzi ingalipo. Nyumba hii ni yenu watatu na haiuzwi. Chumba cha uani ni cha Ponsiano mpaka siku atakayotolewa humo amebebwa, na atakayemtoa kabla ya hapo radhi yangu hana. Chakula chake kitoke jikoni kabla ya chenu, kama mama yenu alivyofanya. Shamba la bondeni lenye minazi michache na michungwa ni la Mashavu na Swaumu, mgawane kwa ule mfereji. La juu la mahindi ni la Sadala. Mbuzi watatu ni wa Swaumu kwa kuniuguza, wengine mgawane. Vitabu na lile bunda lisilochapwa ni vyako Mashavu, wewe ndiye una subira. Karatasi zikipatikana ulipeleke, na ukurasa wa kwanza usiruhusu waufute. Sanda yangu ipo sandukuni, nilinunua zamani zilipokuwa zinapatikana, kwa hiyo msiende kwa Mbaruku kuomba kibali cha dukani. Sitaki kuingia kaburini kwa kibali chake. Akija msibani mpokeeni, mpeni maji, mpeni pa kukaa, ni jirani na ni Mwislamu mwenzetu. Mimi nimejaribu kumsamehe na sikuweza; nyinyi msirithi hilo. Lakini jeneza langu asilishike.

Hizo ni nyayo zake. Nazijua. Karibu mtani, karibu. Hasikii, mimi nasema tu. Mpisheni kwenye kigoda, akae anione uso. Sadala, umelifuta vumbi? Vizuri... vizuri, mwanangu.

Mwacheni. Ameanza.

Nyuzi zimelegea. Swaumu, usikunje uso hivyo, anakuangalia. Hajui kama zimelegea, na asijue, mtu asimwonyeshe. Mimi naisikia ilivyokuwa inapaswa kuwa. Huyo... ha! Huyo ndiye mimi naita chai. Chai! Mara tatu, na moto haujawashwa. Na huyo natafuta miwani. Ipo usoni, mpumbavu wee, ipo usoni! Hapo nagombana na kalamu. Hapo namfukuza mtoto wa watu nyuma ya dirisha, ati ananipotezea sentensi. Lo, Ponsiano, mshenzi wewe, kumbe uliyaona yote.

Nani huyo anacheka? Si Mashavu. Si wewe Swaumu. Sadala? Wewe ndiye? Cheka, baba. Cheka usizibe mdomo, sijakusikia unacheka tangu ukiwa mtoto.

Subirini. Anapunguza. Hapo sasa... hiyo ni fimbo yangu, na hiyo ni njia ya Chanika. Ah, Ponsiano! Hilo nalo unalisema? Nani amekutuma? ... Sadala ananiuliza nini? Anauliza mbona fimbo inasimama? Inasimama ukutani mwa madrasa yako, mwanangu. Nyuma, upande wa choo, usikoona. Nilikuwa nawaaga hapa nasema nakwenda gulioni kutafuta tumbaku, na tumbaku siivuti siku hizi. Mtani huyu alikuwa ananifuata nisije nikaanguka njiani. Nilikuwa nakwenda kukusikiliza unavyosoma. Hukwami. Hata kwenye aya ndefu, hukwami. Nilikuwa naweka kichwa ukutani nasikiliza mpaka wanafunzi watoke, narudi. Sikutaka ujue... sijui kwa nini sikutaka. Usilie kwa sauti, utaniharibia kupiga kwake. Njoo huku. Shika mkono huu.

Mungu awaweke wanangu. Awape riziki ya halali na watoto wenye kuuliza. Awape kila mmoja mtu wa kumjua alivyo, na ampende hivyohivyo. Msigombane. Mkigombana, aliye mkubwa aanze kunyamaza. Nimewaridhia, Mashavu nimekuridhia, Swaumu... Sadala, nimekuridhia tangu zamani. Mumpe mtani wangu uji, hajala huyu tangu jana.

Mbona ameacha? Mwambieni aendelee, hajafika... Mwambieni kwa mkono.

Hajaacha? Bado anapiga?

Basi. Basi mwacheni.